Mzee Mkia, Dereva wa Gari la Mwisho

Wengine wakimweleza mtu huanza na wema wake. Mimi naanza na hili, lisije likasemwa nyuma yangu: mzee ninayemweleza hapa ndiye aliyemgonga mume wangu akafa, kwenye kona ya mlima huko Gwasi, mvua ikinyesha. Hakukusudia. Hilo silibishi, na hata mahakamani sikulibisha. Lakini kuna swali lililonikaa kooni miaka yote kama mwiba wa samaki. Siku ile aliposhika usukani, alijua kwamba haoni? Kama hakujua, ilikuwa ajali, na ajali haina mwenyewe. Kama alijua, basi ni jambo lingine, na mimi nilitaka kulijua kabla sijafa.

Jina lake silitaji. Tulimwita Mzee Mkia, mbele yake na nyuma yake, naye akaitika. Wageni walidhani ni tusi. Halikuwa tusi, ilikuwa kazi yake: katika msafara wetu wa magari yeye ndiye aliyeendesha gari la mwisho.

Nieleze kidogo msafara wenyewe, maana hata Kisumu wengi hawakuuelewa. Miaka ya themanini kulikuwa na watu wenye magari makubwa, malandrova na mengine ya foo-bai-foo, yanayovuta kwa magurudumu yote manne, ambao Jumamosi moja moja waliiacha lami wakapanda mlima mahali pasipo na barabara. Walifuata njia za ng'ombe, mikondo ya maji na njia za wakata magogo. Wakifika juu walikula, wakatazama ziwa kule chini, wakashuka. Basi. Mchezo huo ulianzishwa na mafundi wa viwanda vya sukari pamoja na Wahindi wa mjini, nao walipohama wakatuachia. Mama mkwe wangu aliposikia mara ya kwanza aliuliza, "Huko mlimani kuna nini? Kuna mtu amefiwa?" Tulicheka sana siku hiyo.

Walikutana kwangu. Nilikuwa na hoteli ndogo pale Mamboleo, chai na chapati, mchana samaki, na kwa kuwa kila anayeelekea Nandi lazima apite hapo, magari yalipangwa mbele ya mlango wangu asubuhi watu wakinywa chai wamesimama. Kamau, Mkikuyu aliyeuza matairi mjini, alikuwa wa mbele kwa sababu alizijua njia na hakuogopa kitu. Mume wangu, Baba Akinyi, mjenzi wa kandarasi ndogo ndogo, alikuwa popote katikati. Mzee Mkia alikuwa nyuma. Nami nilipopata mtu wa kushika hoteli, nilipanda kando ya mume wangu.

Sheria za msafara zilikuwa zake, na aliyezivunja alijuta. Kila dereva humchunga aliye nyuma yake. Ukifika kona au njia panda, unasimama hapo mpaka wa nyuma akuone na kukuwashia taa. Ndipo unaondoka, naye anasimama hapo hapo kumngoja wake. Kwa namna hiyo hapotei mtu, hata Kamau akikimbia vipi huko mbele. Na gari la mwisho likifika, linapiga honi moja ndefu. Maana yake ni kwamba wote wamefika. Kabla ya honi hiyo hakuna kufungua chakula, hata njaa iume namna gani.

"Wa kwanza anaona njia," alikuwa akisema, "wa mwisho anaona watu." Na nyingine aliyoipenda zaidi: "Gari la mwisho ndilo msafara. Hayo mengine ni magari tu."

Alikuwa amestaafu ukaguzi wa shule. Miaka na miaka alizunguka na landrova ya serikali mpaka kwenye vishule ambavyo hata Mungu hupita kwa mguu, na huko alijifunza kuendesha kwenye tope, na huko pia alijifunza ukali. Ulimi wake ulikuwa kiboko. Ukimkosea hakukuambia umekosea, alikuuliza, "Wewe umesoma mpaka wapi?" Kamau aliulizwa hivyo kila safari. Daktari mmoja aliyejiunga nasi alipozamisha gari lake kwenye udongo mweusi wa tambarare ya Kano, aliulizwa vilevile, akajibu kwa adabu kwamba amesoma mpaka chuo kikuu. Mzee akamtazama. "Basi walikuficha kitu," akasema, kisha akavua viatu, akaingia kwenye tope mpaka magotini kumfungia mnyororo. Ndivyo alivyokuwa. Akikutukana, jua anakuja kukusaidia.

Gari lake lilikuwa landrova kuukuu ya kijani aliyoipata mnadani. Lilinuka kuku. Mkewe alifuga kuku pale Kaloleni, nyumba zile za baraza la mji hazina nafasi, na usiku kuku walilala ndani ya gari. Jumamosi akifungua mlango wa nyuma manyoya yalipeperuka kwenye chai ya watu, na ole wako ucheke. Nyuma ya kiti kulikuwa na kamba, jeki, jembe, na sufuria ya nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja, kwa sababu aliamini mtu akikwama hafi kwa baridi, hufa kwa tumbo tupu. Hakunywa pombe, mlokole kabisa, lakini chini ya kiti alikuwa na chupa ndogo ya pombe kali. Nilimuuliza ni ya nini. "Ya wenye dhambi," akasema. "Wakipata baridi watalia, na mimi sipendi kelele."

Alipanda kila mlima lakini ziwa aliliogopa. Alizaliwa na kukulia ufukweni, na hakuwahi kukanyaga mtumbwi. Tulipokuwa tukitelemka mlima na maji yanaonekana chini, alitazama upande mwingine. "Mlima ukikuangusha watu wanakuokota," alisema. "Ziwa je?"

Safari ya kwanza ya mume wangu, klachi iliungua kwenye mteremko wa Kajulu. Wenzake wakashuka mjini kutafuta spea, mvua ikafunga njia nyuma yao, wakashindwa kurudi. Mimi nilikaa hotelini nikiwaza mambo ya mjane nikiwa bado na mume. Kesho yake mchana, mikono yangu imejaa unga, nikasikia honi nje, moja, ndefu, isiyokwisha. Nikatoka mbio. Baba Akinyi alikuwa anavutwa kwa mnyororo, na anayemvuta ni Mzee Mkia, amejaa tope mpaka kwenye nyusi, mkono umelalia honi. Alikuwa amelala naye huko, mvua juu, nyoyo baridi kwenye sufuria. Wenye haraka zao walishaoga na kwenda kanisani.

Tangu siku ile mume wangu alikuwa mtu wake. Nilipomtania kwamba ameoa mke wa pili mwenye ndevu, alisema, "Yule hakuniacha. Mimi nitamwachaje?" Nikumbushe baadaye maneno hayo, kwa sababu nimeyachukia kuliko maneno yote aliyowahi kuniambia.

Sasa, macho.

Hakuvaa miwani. Alisema miwani ni ya makarani. Asubuhi kabla ya kuondoka alisoma Biblia kwa sauti, amesimama kwenye bampa, nasi tumeinamisha vichwa. Mwaka mmoja akaacha kushika kitabu, akawa anasema zaburi kwa kichwa, nzima, bila kukwama. Tulimsifu. Kamau alisema, "Mzee iko na kichwa kama ya hakimu." Chai akaanza kuimiminia nje ya kikombe, akasema vikombe vyangu ni vidogo siku hizi. Ukimsalimia alinyamaza kidogo kisha akasema, "Ongea tena," nasi tukadhani ni maringo ya uzee. Mimi sijilaumu. Nilikuwa na hoteli ya kuendesha na watoto wa kulea, na macho ya mtu ni mali yake. Mwenye kujua anajua, na mwenye kujua ndiye wa kusema.

Siku ya Sondu ndiyo iliyokuwa ya wazi. Tulikuwa tumezungukia vilima vya upande wa Kericho, tunarudi, alasiri, njia pana na tambarare kwa mara ya kwanza siku nzima. Kulikuwa na kichuguu kando ya njia, kirefu kuliko mimi. Magari yote yakakipita. Mzee Mkia akakiendea moja kwa moja, bila kugusa breki, akakipiga katikati. Tulirudi mbio. Alikuwa ameketi, mikono kwenye usukani, udongo mwekundu umejaa kwenye boneti.

"Jua limenipiga machoni," alisema.

Kamau akageuka, akatazama angani. "Lakini Mzee, jua si iko nyuma yetu?"

"Kamau, wewe umesoma mpaka wapi?"

Ai yawa, tulicheka mpaka wachunga ng'ombe wakaja kutazama. Mume wangu peke yake hakucheka. Alikuwa ameinama anatoa udongo kwenye taa za yule mzee, anazifuta kwa mkono wa shati, polepole, ya kulia, kisha ya kushoto.

Wiki ile ile kitambaa changu cheupe cha meza kilipotea hotelini. Nikampata mume wangu nacho nyuma ya nyumba, amekikata, anafunga kipande kwenye tairi la akiba nyuma ya landrova yetu.

"Baba Akinyi, hicho si kitambaa changu?"

"Mama, kitambaa moja tu unaniulizia hivyo?"

"Hicho kimoja ndicho natandikia wageni wa heshima."

"Basi leo imepata kazi ya heshima," akasema, akakaza fundo. Mzee Mkia anataka alama nyeupe kwenye gari linalomtangulia, alisema, ni sheria mpya. Na kuanzia sasa yeye, Baba Akinyi, ndiye atakayemtangulia daima. Nilinuna siku mbili tatu nikasahau. Sheria za yule mzee hazikuisha, mara hivi mara vile.

Lakini kulikuwa na jambo jingine ambalo halikuwa sheria. Sheria ilisema usimame kwenye kona na ungoje taa. Haikusema ushuke. Mume wangu akawa anashuka. Kila kona mbaya alitoka na tochi, hata mchana, akasimama nyuma ya gari letu, akapunga na kupaza sauti: "Kuja Mzee, kuja, kulia kidogo, hapo, simama!" Wengine walidhani anajipendekeza. Mimi nilidhani ni heshima.

Kisha ikaja miaka ya vurugu za kikabila, watu wakachomeana nyumba huko mpaka wa Kericho, Sondu ikawa mahali pa kupita bila kugeuza shingo. Milima ya Nandi hatukuikanyaga tena. Kamau aliambiwa na watu aliokuwa akiwauzia matairi kwamba afadhali arudi kwao, akafunga duka majuma kadhaa. Aliyekwenda kulala mlangoni kwake, ndani ya landrova inayonuka kuku, ni Mzee Mkia. Alilala hapo mpaka hali ikapoa. Akiulizwa alisema analinda matairi yake mwenyewe aliyoyaagiza. Hayakuwepo matairi kama hayo. Nayasema haya kwa sababu ni kweli, na ukweli nausema hata wa mtu niliyetamani kumlaani.

Tulipoanza tena tulikwenda Gwasi, kwa kuwa huko hakukuwa na ugomvi na mtu. Ni mbali, unazunguka ghuba yote, lakini milima ile ni mirefu na njia zake zilikuwa mawe matupu. Siku hiyo nilikuwemo. Tulifika juu salama, honi ikapigwa, tukala, watu wakaimba. Mzee Mkia alitania akasema mwakani atampa Kamau mkia ili ajifunze adabu. Alionekana na furaha. Nakumbuka nilimpa kipande cha samaki, akakitafuta kidogo kwenye sahani kwa vidole.

Mvua ilitukuta tunashuka, alasiri bado, lakini wingu lilikaa juu ya mlima pakawa kama jioni imeingia mapema. Njia ikawa utelezi. Tulikuwa kwenye kona ambayo upande mmoja ni mwamba na upande wa pili ni bonde, mume wangu akasimamisha gari, akavuta breki ya mkono, akachukua tochi.

Nikamwambia, "Kaa ndani, taa zetu zinatosha."

"Hazitoshi," akasema. Akashuka.

Nilimwona kwenye kioo, amesimama nyuma ya gari, kando ya kile kitambaa cheupe kilicholowa tope hadi kikawa rangi ya njia. Taa za Mzee zikatokea juu. Mume wangu akapunga tochi. "Kuja Mzee! Pole pole! Hapo!" Taa zikaendelea kuja. "Simama! Mzee, simama hapo!" Sauti ya pili haikuwa ya kuelekeza tena. "Simama!" Kisha gari letu likasukumwa mbele, kishindo, na mimi kichwa changu kikagonga kioo.

Nilitoka. Sitaeleza nilichokiona, kwa sababu watoto wangu wanajua kusoma. Nitasema tu alikuwa katikati ya magari mawili na alikuwa bado anapumua, ila si kwa muda mrefu. Mzee Mkia alishuka akaja akipapasa ubavu wa gari lake kwa kiganja, mpaka bampa, mpaka kwenye bega langu. Nilikuwa mbele ya uso wake, ningeweza kumtemea mate. Akasema, "Nani? Wewe ni nani?"

Hilo ndilo neno nililorudi nalo nyumbani. Mvua, sawa. Utelezi, sawa. Lakini mtu aliyekula samaki wangu mchana ananishika bega na kuniuliza mimi ni nani?

Kamau alirudi juu kwa miguu, wakambeba mume wangu mpaka kwenye gari lake kule mbele, nami nikampakata. Mtu mwingine aliendesha landrova yetu. Mzee Mkia alikuja nyuma, akifuata taa nyekundu, kwa sababu hakuna aliyefikiria kumzuia. Baba Akinyi alikata roho njiani kabla hatujaona lami. Tulipofika hospitali, machela imeshamchukua, mimi nimeketi chini kwenye saruji, nikasikia honi langoni. Moja, ndefu. Wote tumefika. Hakuwa amejua bado. Lakini kwa honi ile nilimchukia chuki ambayo sikujua ninayo.

Mahakamani walisema mvua, walisema mlima, walisema waliokwenda walikwenda kwa hiari yao. Macho hakuna aliyeyauliza. Yeye alisimama kizimbani akajibu ndiyo na hapana, akaachiliwa. Kwenye mazishi wazee wa ukoo wa mume wangu walisema aliyemwaga damu haingii langoni, wala hali chakula cha nyumba hiyo, wala mwenye nyumba hali chake. Hakubisha. Alisimama nje ya ua, kofia mkononi, tangu asubuhi, jua likamwakia, watu wakapita wakamtemea maneno. Walipoondoka wote, mahema yakang'olewa, yeye ndiye wa mwisho kuondoka. Mkewe alimshika mkono. Nikaona nikafikiri ni huzuni.

Kundi likafa. Hakuna aliyelitangazia kifo, halikukutana tena tu. Kamau alihamia Nakuru. Mimi niliibakiza landrova, nikajifunza kuiendesha vizuri, nikabebea unga na makaa ya hoteli, na mtoto wangu Akinyi akaenda nayo shule. Klachi ile ilikuwa ikilia tangu Kajulu na haijanyamaza. Mzee Mkia sikumwona. Mji wa Kisumu si mkubwa, lakini watu wawili wakikubaliana kutoonana, hawaonani.

Miaka ikapita, karne inakaribia kuisha, nikakutana na mkewe sokoni, ananunua sukuma wiki. Alikuwa amezeeka ghafla. Alinisalimia kwa woga, "Min Akinyi," mama yake Akinyi, kama wanavyoniita watu wangu.

"Mzee hajambo?" nikauliza. Mdomo uliuliza wenyewe.

"Yuko. Lakini macho imekwisha kabisa. Haoni hata mlango."

"Tangu lini?"

Akatazama zile sukuma kana kwamba jibu limo ndani. "Hiyo muulize mwenyewe," akasema, akaondoka bila kuchukua chenji.

Nilikwenda siku iliyofuata. Niliegesha barabarani, kwa kuwa vichochoro vya Kaloleni havipitiki, nikatembea mpaka kwao. Alikuwa ameketi kwenye kiti cha mbao mlangoni, amekonda, kola ya shati imemzidi shingo. Kuku walikuwa wakizunguka miguu yake. Landrova ya kijani haikuwepo.

"Hiyo gari iliyosimama kule ni ya Baba Akinyi," alisema kabla sijafungua mdomo. "Klachi bado inalia."

"Inalia, Mzee."

Alipoisikia sauti yangu alisimama, akabaki amesimama. Mkewe akaniletea kiti. Chai haikuletwa, na nilielewa; hata ingeletwa nisingeinywa. Tukakaa hivyo, mwenyeji na mgeni, katikati yetu meza tupu.

"Sikuja kusalimia," nikasema. "Niko na swali moja."

"Uliza."

"Siku ile Gwasi. Ulijua huoni?"

Mkewe aliingia ndani. Mzee hakuchelewa. Nilikuwa nimejiandaa kwa mvua, kwa tope, kwa mapenzi ya Mungu. Nilikuwa na majibu ya hayo yote.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Tangu Sondu. Tangu kabla ya Sondu kidogo. Nilikuwa naona katikati tu, kama mtu anayechungulia kwenye bomba. Mvua ikinyesha, hata katikati kunakwisha."

"Na ukashika usukani."

"Nikashika."

"Kwa nini? Mzee, wewe! Wewe uliyekuwa unatuuliza tumesoma mpaka wapi!"

"Niliogopa kuachwa," akasema.

Nilikuwa nimelitafuta neno lile la kwanza, 'nilijua,' miaka yote hiyo, na sasa limetoka, nami ningesimama niende zangu. Ningekuwa na haki yangu mkononi. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Si mimi peke yangu nilijua, Min Akinyi."

"Nani mwingine?"

"Unajua."

Nikasimama, kiti kikaanguka. "Unamsingizia maiti? Hawezi kukujibu, kwa hiyo unamtwika?"

"Alikuja hapa wiki ya Sondu. Alikaa hapo ulipokaa. Akaniambia, 'Mzee, wewe huoni.' Nikamtukana sana. Akaningoja nimalize. Nikamwambia basi, nitaacha, nimkabidhi Kamau mkia. Akasema hapana. Akasema, 'Nitatangulia mimi. Nitakuonyesha kila kona.' Kile kitambaa sikukiomba. Alikuja nacho kwenye gari, cheupe, kina maua ya uzi pembeni. Akasema hiki utakiona."

Maua ya uzi niliyafuma mwenyewe. Hayakuwa yakionekana kutoka mbali, na kipande kile cha pembeni ndicho kilichofungwa. Mtu asiyekishika asingejua. Nilikiinua kiti, nikakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimzike nilimkasirikia mume wangu. Nilimkasirikia vibaya. Yule hakuniacha, mimi nitamwachaje? Na mimi je? Na Akinyi? Alikuwa na macho mawili mazima na aliyaona yote, na akachukua tochi, akashuka. Nililia pale, mbele ya kuku, kwa sauti, nikimtukana marehemu kwa Kiluo, na yule mzee ameketi mikono magotini. Hakuniambia nyamaza. Hakuomba msamaha pia. Nafikiri alijua kwamba msamaha mtu akiuomba anamtwika mwenzake mzigo mwingine.

Machozi yalipokwisha nikamwambia naenda.

Akasimama, akachukua fimbo. "Nitakusindikiza."

"Kaa, Mzee. Huoni."

"Mgeni hatoki kwangu peke yake," akasema, na kidogo, kidogo tu, ile sauti ya mkaguzi ilirudi.

Kwa hiyo tulitoka, mimi mbele, yeye nyuma. Nilisikia fimbo yake ikigonga ukuta wa nyumba za watu, tak, tak, akifuata viatu vyangu. Ningeweza kuongeza mwendo. Nilifikiria, sisemi uongo. Kichochoro kile kina mtaro ulio wazi upande mmoja, na mbele kidogo, kwenye bomba la maji ambapo akina mama hupanga ndoo, kinapinda kulia. Mtu asiyeona akienda moja kwa moja pale anaingia mtaroni.

Nilipinda. Nikatembea hatua kadhaa kuelekea barabarani, landrova yetu naiona, na ile fimbo nyuma yangu ikawa inagonga mahali pasipo na ukuta.

Nikarudi. Nikasimama kwenye kona, mgongo kwa mtaro, nikatoa funguo za gari nikazitikisa asikie nilipo. Akina mama waliokuwa wakichota maji walituangalia. Yule mzee alikuja, uso umeinuliwa, mkono mmoja mbele, akinijia moja kwa moja.

"Kuja, Mzee," nikasema. "Pole pole. Kulia kidogo."

Akaja.

"Hapo. Simama."

Safari hii alisimama.